Maghorofa ya Cleveland Hayawezi Kuwa Sare na Yetu

Ndugu Mhariri,
Gazeti la Mjumbe wa Mito Mitatu,
Pittsburgh.

YAH: MAKALA YENU YA JUMAPILI, NA BINTI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana lalamiko la nne si la kusomwa umesimama. Mimi ni msomaji wako wa miaka arobaini na miwili. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye kibanda cha juu nikiendesha kile kigari cha reli kinachopandisha watu Mlima Washington, na kutwa nzima kazi yangu ilikuwa kutazama chini, yalipo maghorofa ya mji wetu. Sidhani kama kuna kiumbe aliyeyatazama zaidi yangu isipokuwa njiwa, nao hawaandikii magazeti.

Jumapili iliyopita mlichapisha makala yenye kichwa "Nani Mzuri kwa Mbali?", mkilinganisha maghorofa yetu na ya Cleveland. Mwishoni mwandishi wenu akaamua kwamba miji hii miwili iko sare. Sare! Hata hilo ningelimeza na kahawa yangu nikanyamaza. Lakini binti yangu wa pekee, Bernadette, anaolewa Oktoba na kijana wa Cleveland aitwaye Garrett Zupan, na walikuwa hawajaamua waishi mji gani. Mimi nilikuwa nashinda. Hoja yangu kubwa ilikuwa dirisha la sebule yangu, ambalo mji mzima umo ndani yake. Jumapili hiyohiyo Bernadette akanipigia simu: "Baba, umesoma gazeti lako? Hata wao wamesema tuko sare. Haya, utasema nini tena?" Sasa wamepata nyumba Cleveland, maili mia moja na thelathini kutoka kwangu, na Jumamosi hii wanatia saini.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa namba, kwa heshima zote, nikiomba masahihisho yatoke kabla ya Jumamosi.

1. Picha. Ya kwao ilipigwa jua likizama, kutoka ziwani, siku ambayo bila shaka waliisubiri mwaka mzima. Ya kwetu ilipigwa mvua ikinyesha, kutoka nyuma ya jengo la kuegeshea magari, na kwenye kona kuna kidole. Isitoshe, nusu ya picha yao ni maji. Nimepima kwa rula. Maji si ghorofa, Mhariri. Kama maji yanahesabiwa, sisi tuna mito mitatu, wala hatujawahi kuiringia.

2. Urefu. Mwandishi wenu anasema jengo lao refu linalizidi letu refu. Hilo nakiri, ni kweli, lakini amepima kuanzia barabarani, kipimo cha watu wavivu. Mimi nilitafuta kitabu cha ramani nikajumlisha na mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari, wao na sisi. Wakatuzidi tena, kwa futi chache. Ndipo nikatambua kwamba miji yote miwili iko mbali mno na bahari, na kwamba kuiingiza bahari katika jambo hili si haki. Kipimo halali ni kusimama Mlimani kwetu na kutazama. Ukisimama hapa, jengo lao refu halionekani kabisa.

3. Handaki. Mgeni anayekuja Pittsburgh kutoka uwanja wa ndege huendesha gari kwenye vilima visivyo na chochote, akaingia handakini, akaanza kujuta nauli yake, halafu ghafla anatokea upande wa pili na mji unamrukia usoni, na madaraja yake yote na mito yake. Nimeona wanaume wazima wakikosa njia ya kutokea kwa sababu ya kushangaa. Cleveland je? Ardhi ni tambarare. Unaanza kuyaona maghorofa yao ungali mbali, na ukifika umeshayazoea na unatafuta choo tu. Makala yenu hayakuligusa handaki hata kwa mstari mmoja.

4. Kiti. Mkazi wa Mlimani hahitaji kuelezwa, ila naanza kuwa na wasiwasi na ofisi yenu: kiti cha jikoni kikiwekwa barabarani mbele ya nyumba, nafasi hiyo ya gari ina mwenyewe. Basi. Hakuna sheria iliyoandikwa, wala haijawahi kuhitajika. Kiti changu ni cha njano, kimoja kati ya vinne alivyonunua marehemu mke wangu Marlene. Nimekiweka pale tangu Februari, Bernadette alipohamia Cleveland kikazi, ili siku akija asihangaike. Kimenyeshewa, kimeangukiwa na theluji, na hakuna aliyekigusa. Hata gari la taka hukizunguka.

Mwezi Mei kijana Zupan akaja kwa mara ya kwanza, binti yangu yuko naye garini. Akashuka, akakibeba kiti, akakisogeza kwenye uzio, akaegesha. Kisha, Mhariri, akakikalia, ili autazame mji vizuri. Jirani yangu Loretta Palumbo alikuwa barazani kwake. "Wewe kijana!" akapiga kelele. "Inuka hapo! Kwenu mnaingia tu vyumbani kwa watu mkalala?"

"Samahani mama, nilidhani kimetupwa. Nani anaacha kiti kizuri hivi barabarani?"

"Mwenye binti!" Loretta akamjibu.

Nilitoka nikiwa nimejiandaa. Kijana alikuwa bado anautazama mji mdomo wazi, nikaona, haya, angalau ana macho. Akageuka akaniambia kwa adabu kabisa: "Mzee, ni pazuri mno. Yaani kidogo tu hapafikii kwetu." Loretta aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nilibaki nimeshika kiti.

5. Anamchekesha. Aliposema hivyo Bernadette alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Sijamsikia akicheka namna ile tangu mama yake afariki, na mimi nimejaribu kwa miaka mitatu, na vichekesho ninavyo vingi. Hili nalo naliandika kwenye orodha ya makosa ya Cleveland. Mpira wa Jumapili kati ya miji yetu sitautaja, maana hii ni barua ya heshima.

6. Maombi. Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika bila kutoa njia, napendekeza yafuatayo. Kwanza, mchapishe ukurasa wa mbele kwamba mwandishi wenu aliteleza. Pili, mwandishi mwenyewe apandishwe na kuteremshwa Mlimani kwa kigari mara arobaini, akiwa ameelekezwa uso mjini, na nafasi ya choo apewe. Tatu, Cleveland iombwe kwa upole ipunguze jengo lake refu ghorofa kadhaa, ambazo tutazipokea huku kwa moyo mmoja, tukawawekea kwenye viwanda vyetu vilivyofungwa hadi watakapozihitaji. Nne, wachimbe handaki. Najua hawana mlima wa kuchimba. Sisi tunayo mingi ya akiba, na mimi binafsi niko tayari kuitoa ile ya nyuma ya mtaa wetu, ambayo hakuna anayeitazama. Tano, kama hayo yote yatashindikana kwa sababu za bajeti, basi Cleveland yote isogezwe karibu, iwe dakika ishirini kutoka mlangoni kwangu, mwisho nusu saa. Wakifanya hivyo sare nitaikubali, na picha ya mvua pia nitaisamehe.

Hayo siyaandiki kwa chuki. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Jioni nakaanga pierogi sita, yale maandazi yetu ya viazi, nakula tatu, nasimama dirishani nayatazama maghorofa yakiwaka taa, na ni mazuri, Mhariri, mazuri kupita maelezo, ila hakuna mtu wa kumwambia "hebu njoo uone". Gazeti ndilo lililokuwa upande wangu, na ninyi mkasema sare.

Nisalimie wapiga chapa wote, msahihishaji wenu, mlinzi wa mlangoni, na yule mama wa simu ambaye siku hizi ananijua kwa kikohozi tu. Mpiga picha naye msalimie, lakini kutoka upande wa ziwani.

Wako anayeketi karibu na simu,
Regis Hudak,
Mlima Washington.

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani kwa kukosa stempu, na Jumamosi imepita. Wametia saini. Bernadette amenipigia kusema nyumba ina chumba cha juu, dirisha linatazama mjini. Nikamwambia hongereni, mtalala pazuri. Akasema, "Si chetu, Baba, ni chako. Ulidhani tunanunua vyumba vinne vya nini?" Nikauliza gari langu nitaliegesha wapi, maana mtu lazima aulize kitu. Akasema Garrett ameshughulikia. Kumbe tangu jana kijana ameweka kiti cha jikoni barabarani mbele ya nyumba yao. Watu wa Cleveland hawaijui desturi hii. Wamekiondoa mara tatu wakidhani ni takataka, naye amekirudisha mara zote tatu, na sasa amekikalia mwenyewe, na chakula anapelekewa hapohapo. Kwa hiyo naomba gazeti langu lipelekwe kwenye anwani iliyoko nyuma ya bahasha. Masahihisho yaacheni. Nilikuwa nimepanga kwenda Oktoba, siku ya harusi, lakini nimeshapakia kiti cha njano na naondoka kesho asubuhi, maana mtoto wa watu hawezi kukaa barabarani muda wote huo akinisubiri mimi.