Cheo Kikubwa cha Adalbert Numbi

Mnamo mwaka 1949 wakubwa wa koloni la Wabelgiji la Kongo walitangaza mjini Élisabethville kwamba Mwafrika naye sasa anaweza kuwa kamanda jeshini, ilimradi asiamuru mtu. Tangazo lilikuwa na mihuri mitatu, na jambo lenye mihuri mitatu halina haja ya maana.

Aliyebahatika alikuwa Sajenti Adalbert Numbi. Kwa miaka ishirini na miwili, kazi yake uwanjani ilikuwa kugeuza Kifaransa cha Meja, Mzungu mkuu wa kikosi, kiwe lugha ya askari. Sasa akaitwa Kamanda Mwandamizi Mzawa wa Daraja la Pekee. Akapewa mkanda mwekundu, kiti, na kanuni mbili: asiamuru Wazungu, maana huo ni utovu wa adabu, na asiamuru Waafrika, maana cheo chake ni kikubwa mno kwa kazi hiyo.

Mkewe, Wivine, aliuangalia ule mkanda.

"Baba Désiré, sasa uko unakomanda nani?"

"Bantu bote benye kubakia."

"Banani?"

Swali lilimuuma Numbi kweli. Mkanda hakuwahi kuutaka; alichotaka ni kutoa, japo mara moja, amri iliyotoka kichwani mwake mwenyewe.

Jumapili akaja Jenerali kutoka Léopoldville kukagua kikosi. Bendi ikapiga, askari mia nne wakaanza kutembea kuelekea jukwaani, alikoketi Jenerali na mkewe mbele ya meza ya keki. Numbi alikuwa nyuma yao, kitini, akiwa mkubwa.

Meja akapaza sauti: "Halte!"

Hakuna aliyesimama. Meja mwenyewe ndiye aliyeagiza zamani kwamba askari atakayetii Kifaransa kabla ya kusikia sauti ya Numbi apigwe fimbo nane. Nidhamu ilikuwa nzuri sana.

Akaita tena. Bendi ikanyamaza, buti hazikunyamaza. Meja akaja mbio hadi kwenye kiti.

"Numbi, sema basimame."

"Kanuni inakatala, Bwana Major. Mi niko mukubwa sana."

"Mi nakuruhusu."

"Ya mudomo tu? Kesho bananifunga. Andika, Bwana."

Meja akaandika nyuma ya karatasi ya ratiba: kuanzia sasa kila askari aliyepo uwanjani, bila kujali cheo, anamtii Numbi. Jenerali alikuwa ameshaona bayoneti zikiikaribia keki. Akatia saini bila kusoma.

Numbi alisoma yote, taratibu, kisha akatoa sauti moja. Mia nne wakasimama. Mke wa Jenerali akafungua macho.

Meja akapangusa jasho, akanyoosha mkono. "Merci. Rudisha karatasi."

Numbi aliitia mfukoni. "Bwana Major, weye uko askari ao hauko askari?"

"Niko askari, bien sûr."

"Na uko hapa?"

Meja akamtazama Jenerali. Jenerali akaitazama keki. Kuikana saini yake mbele ya Waafrika mia nne kungehitaji tangazo lingine, na mihuri.

Basi Numbi akaamuru, kwa Kifaransa safi kisichohitaji mkalimani, Meja aingie safu ya mwisho. Meja akaingia. Alianza na mguu wa kulia badala ya wa kushoto, akaambiwa arudie.

Kisha Numbi akamgeukia Jenerali, askari aliyebaki nje ya safu, ambaye tayari alikuwa anatafuta kofia yake.