Mafundi Kumi wa Karakana Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mama Pacha, fundi wangu bora wa sare za shule, ni mjamzito. Kaniambia bila kupepesa macho: nisipowakatia mafundi wangu bima ya afya, anahamia ng'ambo ya barabara, kwa mshindani wangu. Tunamwita Tai kwa sababu hushona amevaa tai. Mama Pacha kwa Tai! Akiondoka, nimekwisha. Nani atanishonea kola?

Jumanne, 4 Machi
Wakala wa bima kasema kikundi cha watu kumi hupata bei nafuu. Nina mafundi wanne. Kashauri niungane na Tai, ambaye yeye na mafundi wake ni watano. Niungane na Tai? Labda nife kwanza. Nyumbani kwangu kuna watu watano wamekaa tu. Mimi ni kichwa, jamani!

Alhamisi, 6 Machi
Wakala kaja kukagua. Shemeji kwenye pasi, mama mkwe kwenye vifungo, kila mtu mahali pake. Kichwa kilinivimba kwa fahari. Kisha wakala, kwa adabu tu, akamuuliza mama mkwe hali yake. Masikini, hakujua! Mama mkwe kaweka sindano chini, kaanza na magoti. Kapanda kwenye presha, kapitia sukari, kaeleza figo. Nikamkonyeza. Akamwambia wakala hata mkwe wake ana ugonjwa wa macho. Mwisho kakiri kwamba hajawahi kushona maishani, amekuja kwa sababu nimemwahidi viatu. Wakala kachukua mkoba wake kaondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Pacha kaniita pembeni. Nikajua anaaga. Kumbe jana jioni yeye na wenzake walivuka barabara wakazungumza na Tai. Tai kakubali kikundi kimoja. Wamepungukiwa na mtu mmoja tu: mimi. Kaniomba taratibu, mkono tumboni. Niliona aibu, siwezi kujidanganya. Nikavuka. Tai kanipa mkono, nikaupokea.

Jumatatu, 10 Machi
Bima imepita! Mama Pacha kalia kwa furaha, nami nikafuta macho. Nimewatangazia wote kwamba mpango huu ulitoka kichwani mwangu. Tai kacheka hadi kakaa chini. Wivu huo! Wakala kaponyokwa na siri: kikundi cha watu ishirini hupata bei nafuu zaidi. Kwaya ya mtaani kwetu ina waimbaji kumi. Kesho nawafundisha kushika mkasi.