Ndoo Yenye Glasi na Uma

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Nimepata ndoo kumi na mbili! Bure! Na vifuniko vyake! Mwenye mkahawa wa mtaani Hamriya alikuwa azitupe, nikamwambia asithubutu. Nyeupe pe, ila zanuka achari. Si neno. Mwanangu Murshid, anayesoma chuo kikuu Al Khoudh, kazipindua moja moja, akanionesha chini pana picha ya glasi na uma. Maana yake plastiki ya chakula, si ya rangi wala dawa. Mashaallah! Mtoto kasoma huyu, hata makalio ya ndoo yanamsomekea.

Alhamisi anakuja Bi Shaikha wa Sidab, mama yake mchumba wa binti yangu Jumana. Nna sharubati ya maziwa ya kumnywesha, ndoo nzima. Akiipenda, sharubati ya nikaha itatoka jikoni kwangu. Wifi yangu Kheiria kasema siku hizi watu huagiza hotelini, na mimi na ndoo zangu za achari ntamtia mtoto aibu. Tutaona!

Jumanne

Sabuni na maji ya moto. Zanuka. Magadi. Zanuka. Ndimu na chumvi, kutwa juani juu ya paa. Zanuka zaidi! Kheiria kapanda, kanusa, kacheka mpaka kashika ukuta. Ati wifi, ndimu na chumvi juani ndiyo achari yenyewe hiyo, umezipika upya.

Nikateremka kumpikia chai. Nna heshima zangu. (Chai nilimpa bila ya sukari.)

Jumatano

Nimekumbuka! Marehemu mama akifukiza mtungi kwa ubani kabla ya kutia maji. Nikawasha chetezo, nikakifunika kwa ndoo, nikaenda kusali adhuhuri. Narudi, ndoo imelegea kama mgonjwa! Mtungi ni udongo, ndoo plastiki. Nani angejua? Murshid angejua, lakini sikumuuliza. Chini pametoboka: glasi imekwenda, uma umebaki.

Hasara? Hasara ya nani! Nimepanda rehani humo, na tundu ndilo la kutolea maji. Mimi hata nikiunguza naunguza kwa faida.

Kumi na moja zilizobaki nikazitundika kwenye kamba ya nguo, midomo chini, chetezo chini yake kwa mbali. Nikanusa. Ubani mtupu!

Alhamisi

Ushindi! Bi Shaikha kanywa glasi ya kwanza, kanywa ya pili, kauliza harufu hii nzuri ya nini. Kabla sijafungua mdomo, Kheiria huyoo: ya ndoo za achari, bibi, za kuokota mkahawani!

Jumana kainamisha kichwa, machozi yanamlenga. Hapo damu ikanipanda. Nikamwambia Bi Shaikha hii ndoo ya chakula, ina hati yake chini, nikaipindua aone glasi na uma.

Nilisahau kwamba ina sharubati.

Nusu zuliani, nusu kwa Kheiria, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu. Sikukusudia. Karibu sikukusudia. Bi Shaikha akainuka pole pole, akaushika mkono wa Kheiria uliorowa, akaunusa kwapani mpaka kiganjani. Akatangaza: achari hakuna, ni ubani, kama maji ya mtungi wa bibi yake. Kisha akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Sharubati ya nikaha itoke kwangu, kasema, na waalikwa ni watu mia mbili! Jumana kanibusu mikono yote miwili.

Jumamosi, 13 Novemba

Kheiria kaja kuomba ndoo ya kupandia rehani, kama yangu, yenye tundu. Nikamwambia tundu hilo lataka ufundi.

Nimepata ndoo thelathini nyingine! Hizi za samaki wa chumvi, lakini glasi na uma zipo, nimezisoma mwenyewe. Kwa kamba zitachukua wiki, kwa hiyo nne nimeshazifunika juu ya vyetezo. Moto mdogo safari hii, haudhuru. Naenda kusali, nikirudi zitakuwa tayari. Na kila mgeni ntampindulia ndoo aone hati yake kwa macho yake.

Waje wote nikahani, Alhamisi tarehe 25.