Dakika Moja ya Mwalimu Ojera

Alhamisi, 5 Septemba 2024. Nateete. Miaka thelathini na saba tangu niondoke kwetu kaskazini.

Mhadhara wa mazingira, chuo kikuu. Mada: mapori ya kaskazini. Daktari Lakot alionyesha picha: miti ya shea, kilima nyuma. Akasema pori hilo halijawahi kukaliwa na mtu. Kilima nilikitambua. Lile ni shamba la mama. Miti imeachana vile kwa sababu alifyeka mingine yote, akaibakiza hiyo. Halijawahi kukaliwa! Mimi nilizaliwa wapi, hewani?

Nikanyoosha mkono. Kipaza sauti akapewa Abubaker, jirani yangu wa mtaani, sajini mstaafu wa polisi. Kila muulizaji ana dakika moja. Yake aliimaliza akisalimia wakubwa. Swali halikutoka. Upuuzi mtupu.

Jumatatu, 9 Septemba.

Mpango wa mhadhara wa pili, Alhamisi hii. Nitawahi saa mbili kabla, kiti cha mbele, suti ya kuendea mazishi. Nimemwambia Abubaker mhadhara umeahirishwa. Akasema Mwalimu, una moyo mzuri. Niliona haya. Si sana.

Alhamisi, 12 Septemba.

Nilimkuta Abubaker kwenye kiti changu. Akasema alijua namdanganya, maana sijawahi kumpa habari ya bure. Alipopewa kipaza sauti alinisogezea mimi: leo Mwalimu aanze, ameoga. Ukumbi ukacheka.

Nikasimama. Mtu aliyelelewa haanzi na lawama. Nikamsalimia makamu mkuu wa chuo, ambaye hakuwepo. Mkuu wa kitivo. Viongozi wa dini. Wageni wa kutoka nje. Nikafika kwenye mimi ni Ojera, mwalimu mstaafu, natoka kwenye ile picha. Dakika ikaisha, kipaza sauti kikazimwa.

Mimi, niliyesoma vitabu vyote hivi, nimezimwa kama redio.

Jumamosi, 14 Septemba.

Barua ya Daktari Lakot. Kaileta Abubaker, kumbe alibaki nyuma akamweleza yote. Daktari anaomba radhi. Mwezi ujao wanakwenda kule kwa basi, anauliza kama nitarudi nao. Nikiwaonyesha nyumba ilisimama wapi, atasahihisha kwa maandishi. Binti yangu Akumu akasema Baba, si ndicho ulichotaka? Akaanza kupiga suti pasi.

Lakini barua imeandikwa kwa Afande Abubaker na Mwalimu Ojera. Kwa mpangilio huo. Tena haina salamu.

Nimejibu kurasa nne. Tatu za kwanza ni salamu. Ya nne ina neno moja: sitarudi.