Idara ya Kuta Salama na Mkono wa Vidole Vinne

Kwa madai ya jirani Chedlia, ukuta wa Mongia ulipiga chafya kwanza, ndipo ukaanguka. Chedlia alikuwa darini anaanika pilipili, kwa hiyo aliona kila kitu. Asichokiona alikisikia, na asichokisikia alikijua tu. Anaapa kwamba ukuta ulisema "chya!", lipu ikabanduka kama ganda la yai, na Bwana Lazhar akawa mweupe kuanzia viatu hadi masharubu.

Chanzo kilikuwa tangazo. Bwana Lazhar, Mkuu wa Idara ya Kuta Salama katika mji wa Bir Louz, alizungushwa mitaani kwenye gari la kipaza sauti akitangaza kuwa zama za ndoo na brashi zimefikia ukomo. Gavana anakuja Ijumaa. Kila Uso wa Nje wa Makazi utasafishwa kitaalamu, kwa mashine, kwa usalama wa ukuta wenyewe. Wakazi wavae kofia ngumu. Asiye na kofia ngumu avae sufuria.

Mongia alisikia akiwa na brashi mkononi. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, aliuosha ukuta wake vilevile: anaulowesha kuanzia chini kupanda juu ili uchafu usiache michirizi, anasugua taratibu kwa sabuni ya zeituni, anasuuza kwa maji ya mtungi, kisha chokaa. Sehemu moja tu hakuipaka. Kando ya mlango, siku nyumba ilipokwisha kujengwa, marehemu mumewe Bechir alichovya kiganja kwenye damu ya kondoo akakibandika ukutani, kama wafanyavyo wote kufukuza jicho la husuda. Kidole cha kati hakipo. Msumeno ulikichukua zamani. Mongia hana picha nyingine ya Bechir. Mwanamume yule akiona kamera alikuwa anakimbia kama kaona nyoka.

Bwana Lazhar akafika na Ridha, mwendesha mashine.

"Ridha, si hii ya kuoshea malori?" Mongia akauliza.

"Ndiyo hiyohiyo, mama. Wamebandika stika mpya."

Bwana Lazhar akakohoa. "Mama Mongia, doa hili ni la nani?"

"La mume wangu."

"Lina vidole vinne."

"Na yeye alikuwa navyo vinne upande huo."

"Mkono wa kinga ni vidole vitano. Huu haujakidhi viwango. Sogea, tunautoa kwa usalama wako."

"Usalama wangu na nini, mwanangu?"

Bwana Lazhar akafikiri. Swali hilo halikuwemo kwenye mwongozo. "Na ukuta," akasema.

Mongia akaweka brashi chini, akaegemeza mgongo palepale penye mkono. "Basi nioshe na mimi. Siku nyingi sijafika hamamu kuoga."

Wanawake wakapiga vigelegele kutoka madarini. Bwana Lazhar akatoa agizo lililojaa hekima: kwa kuwa mwananchi si sehemu ya ukuta, mashine impite pembeni.

"Bosi," Ridha akanong'ona, "hii hata lori huwa linalia."

"Hili si lori. Washa."

Hapo ndipo penye ile chafya. Ridha anasema yalikuwa maji yanaingia nyuma ya lipu. Vyovyote iwavyo, lipu ilishuka yote, ikaipondaponda kofia ngumu ya Bwana Lazhar. Mongia alipojibandua, kipande kimoja cheupe kilikuwa kimebaki kati ya mawe matupu: umbo la mwanamke mnene aliyekasirika, na katikati yake mkono wa vidole vinne.

Idara haikutetereka. Ilitangaza kuwa jaribio limefaulu, ikaendelea na mji mzima, ikianza na nyumba ya Bwana Lazhar kama mfano wa kuigwa.

Ijumaa Gavana akaukuta mji umevuliwa nguo. Akapita mawe baada ya mawe, mpaka kwa Mongia, akavua miwani.

"Hapa pekee ndipo palipofanyiwa kazi. Nani amepasafisha?"

Bwana Lazhar akafungua kinywa. Umati ukamwahi: "Aliyewakatalia!"

Gavana akaondoka bila kumpa Bwana Lazhar mkono. Kesho yake kipaza sauti kikafa, bomba la jikoni kwa Bwana Lazhar likapasuka, na mkewe Dalenda akafungasha kwenda kwa mama yake. "Mkono wa nyumba umeuosha mwenyewe," alimwambia, "sasa jicho linaingia hata hodi halipigi. Sirudi mpaka ukuta upate mkono, tena wa mtu aliyeishinda hiyo mashine yako."

Ndipo Bwana Lazhar akaja kwa Mongia kwa miguu. Kichwani alivaa sufuria, maana kanuni yake ilikuwa bado haijafutwa.

"Mama Mongia," alisema kwa sauti ambayo mji haukuwahi kuisikia, "njoo ubandike kiganja kwangu. Kimoja tu. Hata vidole vikiwa vinne, Idara itapokea."

Chedlia, darini, akaacha pilipili zake ili asikie jibu.

Mongia alichovya brashi kwenye ndoo, akaikung'uta kidogo. Matone yakalia juu ya sufuria. "Kwanza kuosha," akasema, akainama penye viatu vyake, akaanza chini kupanda juu.