Kesi ya Bata Bukini wa Champlin

Jumapili, 1 Juni 2025

Kichwa kinagonga. Mke wangu Kemunto haongei nami. Anaongea na sufuria.

Ninachokumbuka: jana tulikuwa kwenye bustani ya umma kule Champlin, huku ughaibuni, kando ya mto, kumpongeza mpwa wangu Alvin kwa kumaliza chuo. MC, mimi. Wageni wakaondoka, bia zikabaki. Nilikuwa bado na risala ya shukrani mkononi, na hadhira pekee iliyobaki ilikuwa bata bukini, kundi zima. Nikapanda juu ya meza, nikawahutubia kwa kipaza sauti. Walitulia kuliko wageni. Jirani akapiga simu. Polisi akaja, kijana mpole, akaniomba nishuke. Nikamkaribisha meza kuu.

Nashtakiwa kuvuruga amani. Mahakamani tarehe 24.

Nimemsikia Kemunto akimwambia dada yangu kwenye simu kwamba mume wake amekamatwa akihubiria ndege.

Jumatatu, 2 Juni

Sina hamu ya kula. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao fulani Saint Louis Park: kuwaogesha, kuwalisha, kubishana nao kuhusu besiboli. Kazi hii lazima rekodi yako iwe safi. Nikipatikana na hatia, mtu wa ofisini asiyenijua anaweza kuamua sifai kuachwa chumbani na nyanya wa miaka tisini. Miaka yote ya kuinua watu vitandani, halafu niangushwe na bata!

Nikampigia Wanjala. Anaendesha lori, na husikiliza kesi redioni hadi Dakota, kwa hiyo anajihesabu wakili. Akasema mambo ni rahisi, fanya kama nyumbani. Kiri kosa asubuhi, omba huruma ya mahakama, taja watoto na mama mgonjwa, kufikia chakula cha mchana uko nje. Kaka yake amefanya hivyo Bungoma mara nne.

Nikauliza mbona mara nne. Akasema hilo ni suala lingine.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeonana na wakili niliyepewa na serikali. Msichana mdogo, macho makali. Nikamweleza nitakiri. Kahawa ikampalia. Akasema hapa ukikiri umekiri, na kosa linakufuata hadi kazini kama mbwa.

Nikamtolea mpango wa pili: mashahidi wawili wa kanisani, tayari kuapa kwamba sikuwa nimelewa. Mmoja hata hakuwepo. Wakili akafumba macho. Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza wazee wangu mahali choo kilipo, kwamba katika jimbo hili kulewa tu mbele za watu si kosa. Kosa ni kelele.

“Ukithibitisha hukuwa umelewa,” akasema, “utakuwa umethibitisha ulihutubia bata ukiwa na akili timamu.”

Atamwomba mwendesha mashtaka kesi iwekwe kando mwaka mmoja. Nikitulia, inafutwa, rekodi inabaki safi. Sharti lake moja: ninyamaze.

Nimerudi nyumbani nimevunjika moyo. Maombi yangu ya huruma nilikuwa nimeshayakariri yote.

Jumatatu, 16 Juni

Wanjala amenifufua. Niombe mkalimani! Jaji humhurumia mgeni asiyejua lugha. Kweli nimesema Kiingereza tangu darasa la kwanza, na hukitumia kugombana na watu wa bima kila mwezi. Lakini mkalimani atanifanya nisikie kila swali mara mbili. Muda wa kufikiri! Nimepiga simu mahakamani mwenyewe, kwa lafudhi ya kusikitisha. Wakili sijamwambia. Kemunto ndiye kabisa.

Jumanne, 24 Juni

Naandika ndani ya gari, nje ya mahakama.

Mkalimani alikuwa dada Mtanzania, Brigitha, Kiswahili kimepigwa pasi. Akaniamkia shikamoo. Nikajibu poa. Uso wake ukabadilika.

Wakili alipomwona, akafunga faili lake, akalifungua tena. Lakini mambo yalikuwa yameiva. Mwendesha mashtaka amekubali. Jaji ameridhika. Akauliza tu, kwa adabu, kama nina la kuongeza. Wakili akanikanyaga mguu. Mguu haukunizuia.

“Mheshimiwa, siku hiyo nilipiga mbili tatu, nikachangamka, basi.”

Brigitha akasita. Ameapa kutafsiri kila neno bila kuongeza wala kupunguza. Akatafsiri. Jaji akavua miwani, na swali likanirudia kwa Kiswahili fasaha:

“Jaji anauliza, hao wawili watatu uliowapiga ni akina nani?”

Nikasahau mkalimani yupo. Nikajitetea kwa Kiingereza, kirefu, chenye misamiati ya bima. Mwendesha mashtaka akauliza mtu huyu alihitaji mkalimani wa nini, kisha akasema angependa kufikiria upya makubaliano. Nikaiona sare yangu ya kazi ikikunjwa na mtu mwingine.

Ndipo Brigitha akaomba ruhusa. Akaieleza mahakama kwamba Wakenya hupiga pombe, na kwamba kwa kauli hiyo bwana huyu hakumgusa mtu. Wakili na mwendesha mashtaka wakanong'ona mbele ya jaji. Jasho likanifika soksi.

Makubaliano yamebaki. Mwaka mmoja wa utulivu, na juu yake darasa la watu wa pombe. Nikimvuruga mtu tena, kesi inaamka.

Nilimshukuru Brigitha kwenye korido.

“Baba, siku nyingine sema nilikunywa,” akasema. “Ni neno zuri tu. Lipo kwenye kamusi.”

Ijumaa, 27 Juni

Kazi iko salama. Kemunto ananisemesha tena, maneno matatu hasa: leta, ondoa, nyamaza.

Mchana Wanjala amenipigia, sauti imenywea. Ameshtakiwa! Alilewa, akazozana na mashine ya kuuza soda nje ya duka huko Apple Valley, ikalia king'ora. Anataka ushauri, maana sasa mimi ndiye mzoefu.

Mimi! Nimemwambia asiogope. Mpango wa mkalimani hauna kasoro, ni neno moja tu nililokosea. Yeye atasema “nilionja”. Naenda kwake jioni hii tufanye mazoezi, kwenye veranda, mimi jaji, yeye mshtakiwa, kwa sauti kamili ya mahakama.

Kemunto amesimama mlangoni, anauliza kwa nini mazoezi ya mahakama yanahitaji kreti ya bia.

Nimemwambia lazima tuigize tukio lenyewe.