Kreatini Yangu na Mukebe ya Maman

Ba dada, leo haya imenimaliza. Naandika nikiwa nimejifungia mu chumba, na kule saloni ba kwetu bangali banacheka.

Munajua miye nakimbia mita mia. Munajua pia Furaha ananishinda tangu tukiwa ku masomo. Leo asubui papa Désiré, kocha wetu, alikuwa anachagua binti wa kumaliza relais, ile mbio ya kupokezana kijiti. Moja tu. (Na miye nilishaambia majirani ba kartie yote kama ni miye.)

Siri yangu ilikuwa kreatini. Tonton, mujomba wangu, alinitumia ile unga toka Kigali, nikaificha mu mukebe tupu ya maziwa, ndani ya kabati ya maman. Wiki tatu, kila asubui, kijiko kimoja mu maji baridi. Ba dada, nilisikia nguvu! Ngazi nilikuwa napanda mbili mbili.

Basi tukakimbia. Nikamushinda Furaha. Kocha akanipa nafasi, nikaruka, nikalia, nikakumbatia hata maman mwenye kuuza chai.

Pale ningenyamaza. Lakini hii kinywa yangu. Nikatosha mukebe mu sac, nikaanza kufundisha: "Hii si dopage, si dawa ya kukatazwa. Ni sayansi. Inapatia misuli nguvu ya mbio fupi, hata siye banamuke."

"Nipatie na miye," Furaha akasema, chai ya moto mu mukono.

Nikamutilia vijiko viwili (roho safi). Akakoroga. Chai ikawa nzito. Akakoroga tena. Kijiko ikasimama yenyewe.

"Sayansi yako imekuwa bugali," akasema.

Mara koko yangu huyu, mama ya maman, anapanda mupando toka soko ya Nyawera, kitunga ya ndizi ku kichwa. Maman yangu nyuma, mbali, anahema.

"Weye," maman akaniambia alipofika, "amidon yangu, ile wanga ya kupigia pasi nguo za altare, unaipeleka wapi?"

"Maman, na unga yenye ilikuwa ndani?"

"Ile maziwa yenye haina utamu? Siku ileile ilitokea mu kabati niliihamisha, nikatia amidon mu ule mukebe. Koko yako anaikunywa mu uji."

Bote bakageukia koko, mwenye zamani alikuwa anapumzika mara tatu ku ile mupando. Hata jasho hana. Kocha akamuuliza pointure, namba ya viatu yake.

Nafasi ningali nayo, na ni kwa miguu yangu mwenyewe. Wiki tatu nimekunywa amidon ya Kanisa. Mucheke basi, lakini padri asisikie.